Saa ya Injini ya Deo, na Kabeza Nzima Ikatazama Juu

Chekeni kabisa mmalize, halafu niongee. Najua video mmeiona, na wale hawajaiona wameambiwa, na juzi sokoni muuza nyanya ambaye simjui hata jina ameniuliza kama mimi ndiye yule mama wa gari iliyotaka kuruka. Ndiyo, ni mimi. Mama Aline, mwenye rozari, mwenye kusoma masomo ya jioni na vijana ambao ningeweza kuwazaa. Mimi ndiye nilifanya ile gari ipige kelele mbele ya harusi nzima, na hakuna mtu alikuwa amelewa, na gari haikuwa mbovu, ilikuwa nzima kabisa. Mbovu ilikuwa hesabu yangu.

Nianze na Deo. Wengine mnamjua mume wangu tangu Bujumbura, kule tulikulia sote wawili (ndiyo sababu nyumbani tunaongea Kiswahili, na watoto wanatucheka, wanasema ni Kiswahili cha wazee). Deo alikuwa dereva tangu ujana, dereva wa kweli, yule ambaye ukikaa nyuma unasinzia. Halafu ikaja ile homa, akalala hospitali, akapona, asante Mungu, lakini masikio hayakurudi naye. La kushoto limekufa. La kulia limebaki na kidogo, kama redio iliyofunikwa na godoro. Mimi ananisoma midomo. Daktari alimpima akasema macho ni mazima, miguu ni mizima, kuendesha anaweza.

Lakini mtu mwenye masikio hajui kama anaendesha kwa masikio! Unasikia injini inalalamika, mguu wenyewe unaenda kwenye klachi, hufikirii. Deo sasa hasikii kitu. Akipanda mlima gari inazima katikati ya barabara, nyuma watu wanapiga honi ambayo haisikii, ama anakanyaga mafuta mpaka klachi inanuka. (Na Kigali hii, niambieni, ni wapi utaenda bila mlima?) Siku moja alirudi nyumbani, akaweka funguo kabatini kando ya kopo la sukari, na hakuzigusa tena. Hakulalamika. Lakini mimi kila nikitia sukari kwenye chai nilikuwa naziona zile funguo.

Basi Divine akaja. Divine ni mtoto wa ubatizo wa Deo, baba yake alifariki akiwa mdogo, Deo ndiye alimpeleka shule asubuhi zote na ile ile gari yetu ndogo. Na tangu yuko mdogo alimwahidi: siku ya harusi yako nitakupeleka kanisani mimi mwenyewe, kwa hii hii gari, hata kama itakuwa inasukumwa. Sasa harusi imefika, Divine amekaa kwenye kochi yetu ya Kabeza, anamwangalia usoni ili asome vizuri, anasema:

"Baba, uliniahidi."

Deo akaangalia chini. Akasema, "Faustin iko na gari nzuri kuliko yangu. Faustin atakupeleka."

Faustin ni kaka yake mkubwa, shemeji yangu, mtu wa gari kubwa na sauti kubwa. Na Faustin alikuwa amekwisha kutangaza kwenye mkutano wa harusi kwamba yeye ndiye ataendesha, "sababu ndugu yangu hawezi tena, na hatutaki aibu." Alisema hivyo Deo akiwa palepale, akijua hasikii. Lakini mimi nilisikia. Nikasema moyoni: Bwana Yesu, mimi na wewe, Deo ataendesha.

Sababu nilikuwa na siri. Kule Kimisagara ninakosoma umeme wa magari jioni, mwalimu alikuwa ametuonyesha saa ya mizunguko. Ni saa kama ile ya spidi, lakini yenyewe inaonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Gari nyingine zinakuja nayo, yetu haikuja nayo. Mwalimu alisema, injini ikilemewa mshale unashuka, ikizidishiwa mafuta mshale unapanda, na mimi hapo hapo machozi yakanijia, vijana wakafikiri ni moshi. Kumbe kuna kitu kinachofanya injini ionekane! Si lazima isikike! Nikanunua moja iliyotumika, ya kubandika juu ya dashibodi, kwa mafundi wa palepale.

Kuifunga sasa. Ile saa haisikii injini, inahesabu cheche. Kila gari ya petroli iko na bobini, ndiyo inatengeneza cheche na kuzituma kwa buji, na buji ndizo zinawasha mafuta ndani. Saa unaiunganisha kwa waya kwenye bobini, inahesabu cheche, inakwambia mizunguko. Injini yetu ya darasani ni ya zamani, bobini ni moja inalisha buji zote nne, rahisi. Lakini gari yetu ni ya zile za kuwasha kwa kompyuta. Nikafunga waya, mshale ukalala kwenye sifuri. Nikahamisha, ukalala. Nikauombea, ukalala. Mwisho mwalimu akaniambia kwamba nimekamata waya wa kuleta umeme, nitafute ule mwingine, ule ambao kompyuta inaukatakata ili cheche iruke. Nikarudi nyumbani mbio, nikafungua boneti, na hapo ndipo niliona kwamba bobini ziko mbili.

Sikilizeni vizuri, sababu uharibifu wote ulizaliwa hapa. Bobini mbili. Moja ya karibu, moja ya mbali iko chini ya bomba la hewa, na kulifungua hilo bomba ni kazi, na mimi nilikuwa na maharage jikoni. Nikasema, bobini ni bobini. Nikafunga waya kwenye ile ya karibu.

Mshale ukaruka! Wenzangu, nilipiga magoti kwenye changarawe. Na ningeishia hapo labda tungepona, lakini mimi nikapata wazo zuri (Mungu anilinde na mawazo yangu mazuri). Nikasema, siwezi kumpa Deo kitu ambacho sijakijaribu kama yeye. Nikajaza pamba masikioni, juu nikafunga kitenge mara mbili, nikaingia kwenye gari nijue anavyojua yeye. Kimya kabisa. Nikaangalia mshale: mia nne. Na mwalimu alisema injini ikitulia inatakiwa kuwa karibu mia nane! Nikasema maskini gari, imedhoofika kwa kukaa. Nikashuka, nikakaza kamba ya mafuta, ile inayovutwa na kanyagio, mpaka mshale ukafika mia nane safi. Halafu nikachukua rangi ya kucha ya Aline, ya pinki, nikapiga alama kwenye kioo cha saa: hapa kwenye elfu mbili na nusu ndipo unabadilisha gia. Hapa kwenye elfu nne usipite.

Jirani yangu Mama Kelly akachungulia juu ya ukuta. Aliniona nimejifunga kichwa, nimekaa peke yangu kwenye gari imesimama, nacheka. Aliongea nisimsikie, mpaka nikatoa pamba.

"Mama Aline, ni malaria?"

"Ni baraka, Mama Kelly!"

"Baraka gani hiyo inaunguruma hivi?"

Nilisikia kweli inaunguruma. Nikasema ni afya.

Nikamleta Deo. Nikamkalisha, nikamwonyesha. Alitazama ule mshale unapanda na kushuka chini ya mguu wake, akawa kama mtu anayeona mgonjwa wake amefungua macho. Nikamshika kidevu anisome vizuri, nikamwambia neno ambalo nitalijibia siku ya mwisho: "Usimsikilize mtu. Faustin asikwambie kitu. Hata mimi usinisikilize. Wewe sikiliza mshale tu." Akaenda kabatini, akachukua funguo. Sukari ikabaki peke yake.

Tulifanya mazoezi? Kidogo, kwenye barabara ya vumbi nyuma ya nyumba, mbele na nyuma, gia ya kwanza tu. Nilimwambia kila mtu kwamba Deo ndiye anaendesha. Nilimwambia Faustin kwa furaha ambayo si ya Kikristo.

Jumamosi ikafika. Divine amekaa nyuma na gauni lake limejaa gari yote kama mkate umeumuka. Mimi mbele na mushanana yangu mpya, lile vazi letu la sherehe la kufunga begani. Riboni kwenye boneti. Mbele yetu mpiga video amebebwa kwa moto, yaani pikipiki, amekaa amegeukia nyuma, anatupiga picha. Nyuma yetu msafara, Faustin wa kwanza na gari yake kubwa. Deo akafanya ishara ya msalaba, akaangalia mshale, akaondoa gari.

Gia ya kwanza. Injini ikaanza kuimba. Mshale elfu moja. Ikaanza kulia. Mshale elfu moja na nusu. Nikamwangalia Deo, anatabasamu, anasubiri alama ya pinki kama mtu mwaminifu. Elfu mbili. Sasa gari inapiga kelele, mimi sijawahi kusikia gari inapiga kelele hivyo, meno yanatetemeka, riboni inatetemeka. Na Kabeza, mnajua, tuko kando ya uwanja wa ndege, watu wamezoea. Basi watu wote wa barabara, wauza duka, watoto, wanawake na ndoo zao, wakafanya kitu kimoja: wakatazama juu. Walikuwa wanatafuta ndege! Halafu macho yakashuka pole pole mpaka kwa sisi.

Kwenye elfu mbili na nusu Deo akabadilisha gia, vizuri kabisa, laini kama zamani, na kelele ikaanza upya kutoka chini.

Yule wa moto mbele akafikiri tunakuja kumpanda. Akafungua mafuta akakimbia, na mpiga video amekaa kinyume, amekumbatia kamera, anatutazama kama mtu anatazama kifo chake (hiyo sehemu ndiyo mnaipenda, najua). Mimi napiga kelele, "Deo! Badilisha! Deo!" Macho yake yako barabarani, atanisomaje? Nikapunga mkono. Akanipungia na yeye. Akagonga kioo cha saa kwa kidole, akasema kwa ile sauti yake ya sasa ambayo hajui ukubwa wake:

"Elfu mbili tu, Mama Aline! Inaenda kama malaika!"

Nyuma Divine anauliza, "Mama, baba amekasirika?"

"Hapana mwanangu. Anafurahi."

"Sasa akikasirika inakuwaje?"

Tukasimamishwa. Afande wa barabarani alitoka mbele na mkono juu, Deo akasimamisha gari bila kutikisika, akateremsha kioo. Ile gari imesimama na bado inanguruma kama iko na hasira na mtu.

"Muzee, mnaenda wapi?"

Deo akasoma mdomo wake. "Kanisani, afande."

"Kanisani? Mimi nilifikiri mmekosa njia. Uwanja wa ndege uko nyuma yenu."

"Hapana afande, niko pole pole. Tazama mwenyewe."

Afande akaingiza kichwa dirishani. Akaangalia saa. Mia nane. Akasikiliza injini. Akaangalia saa tena. Akaona bibi harusi, akaona rozari kwenye kioo, akakuna sikio.

"Kweli ni mia nane," akasema. "Basi labda ni masikio yangu. Endeni."

Hapo sasa ndipo ningesema. Deo alinigeukia, midomo yangu anaiona, nikaanza, "Deo, badilisha gia mapema, usingoje..." Akacheka. Akasema, "Uliniambia nisimsikilize mtu. Hata wewe!" Na uso wake, wenzangu. Sikuwa nimeuona ule uso tangu kabla ya homa. Nikameza maneno yangu yote, nikashika rozari, tukaenda kanisani kwa kelele ile ile, mlima wote.

Tulipoingia uwanja wa kanisa, ndani kulikuwa na harusi nyingine, na iko palepale kwenye ukimya, watu wamepiga magoti. Gari yetu ikaingia na kelele yake ikasimama chini ya dirisha, haitulii. Padri akatuma mtu. Yule mtu akaja anakimbia na kidole kwenye mdomo. Deo akazima. Na ukimya uliofuata ulikuwa mbaya kuliko kelele, sababu kila mtu alikuwa anatuangalia. Wengine wameshika mdomo wanacheka. Wengine wana huruma, na huruma ni mbaya zaidi. Na Deo, ambaye tangu aache kusikia anasoma nyuso kama mimi ninavyosoma Misale, alizisoma zote, moja baada ya nyingine.

Faustin akaja, akasimama mbele yake, akasema taratibu asomeke: "Ndugu yangu, umetaka kuua gari na mtoto wa watu. Nipe funguo. Kutoka hapa naendesha mimi."

Deo akaniangalia. Aliuliza kidogo tu: "Mshale ulinidanganya?"

Na mimi, mwanafunzi wa umeme wa magari, nikaanza kunyoosha riboni kwenye boneti. Akaweka funguo kwenye mkono wa kaka yake, na ile harusi nyingine ilipotoka akaenda kumshika Divine mkono aingie naye kanisani.

Misa hiyo sikuisikia. Niliimba kwa mdomo tu. Nilikuwa nabishana na Bwana: mshale ulienda, Baba, wewe uliuona, sasa ni nini? Ikafika komunyo. Tukasimama, tukapanga kama kawaida, mistari miwili, mmoja kwa padri, mwingine kwa padri mgeni. Mimi niko kwenye wa kushoto, nasogea, naangalia wa kulia nao wanasogea. Na nikawaza, mtu akikaa kwa huyu padri wa kushoto tu akahesabu watu, atasema kanisa limejaa nusu.

Nusu.

Bobini mbili! Kila moja inalisha buji mbili zake! Mimi nimefunga waya kwenye mstari mmoja, mstari mwingine mzima unapita bila kuhesabiwa! Padri ananiambia "Mwili wa Kristo" na mimi nimeachama (Mungu anisamehe, Amina yangu ilichelewa). Mshale unahesabu nusu. Elfu mbili ya Deo ilikuwa elfu nne. Pale kwenye alama ya pinki ilikuwa elfu tano, Yesu we! Na ile mia nne niliyoihurumia, ilikuwa ni mia nane safi tangu mwanzo, mimi ndiye niliikaza ikawa mara mbili.

Misa ilipokwisha nilitoka kabla ya picha. Faustin ameegemea gari yetu na funguo mkononi.

"Shemeji, nifungulie boneti."

"Mama Aline, si sasa. Watu wanangoja ukumbini."

"Shemeji, kosa si la Deo. Ni langu. Nifungulie nilirekebishe."

Akacheka kidogo, akaanza kuangalia gari yake. Na hapo Divine akapita kati yetu, bibi harusi mzima na gauni lake, akamvuta bwana harusi mkono, wakaingia nyuma ya gari yetu, akafunga mlango. Akasema dirishani, "Baba mkubwa, sisi tunamngoja dereva wetu."

Faustin akanipa funguo.

Nikafunga mushanana begani kwa pini, nikatoa ile spana ndogo ninayoibeba kwenye mkoba pamoja na rozari, nikalegeza kamba ya mafuta mpaka pale nilipoikuta. Watu wamezunguka kama ni mchezo wa kuigiza. Nikauliza wasichana wa bibi harusi, nani iko na rangi ya kucha? Mmoja akatoa nyekundu kwenye kipochi. Nikaingia ndani, nikafuta pinki, nikapiga alama mpya chini, kila moja kwenye nusu ya namba yake ya kwanza. Halafu nikamgeukia Deo. Alikuwa amesimama mbali kidogo, mikono nyuma.

Nikamwambia taratibu, na wote wasikie: "Mshale hauna kosa na wewe huna kosa. Niliufunga kwenye bobini moja na ziko mbili. Unahesabu nusu."

Akafikiri. "Kwa hiyo elfu mbili..."

"Ilikuwa elfu nne."

"Na uliniambia nisimsikilize mtu."

"Nilikwambia."

Akafunika uso kwa mikono. Mabega yakaanza kutetemeka, nikasema mama wee, nimemliza mume wangu siku ya harusi. Kumbe anacheka! Anacheka mpaka anashika boneti. "Na yule afande," anasema, "yule afande ambaye alilaumu masikio yake! Maskini, nilifikiri ni mwenzangu!"

Hata Faustin alicheka. Akamfungulia mlango wa dereva mwenyewe.

Tulirudi kwa njia ile ile, sababu ukumbi uko upande wetu. Alama nyekundu, gia ya pili, laini. Alama nyekundu, gia ya tatu. Mlima tukaushuka, mwingine tukaupanda bila kuzima, mpiga video amekaa kwenye moto yake ametulia kama mtu anakunywa chai. Tukapita Kabeza katikati, wale wale wa duka, wale wale wa ndoo, na hakuna hata mmoja aliyetazama juu. Nyuma Divine alikuwa anasinzia kwenye bega la mume wake.

Wiki iliyofuata nilifungua lile bomba la hewa (bila maharage jikoni) na mwalimu akanionyesha waya mwingine unaotoka kwenye kompyuta na hesabu ya cheche za bobini zote mbili, ndiyo nimefunga sasa, na namba ziko sawa. Alama zimerudi pale pale zilipokuwa kwanza. Lakini ile nyekundu Deo amekataa isifutwe.

Video tuliiangalia nyumbani sote. Mtengenezaji alikuwa ameacha kelele yote, watoto wakaanguka chini kwa kucheka. Deo alikuwa amekaa mbele kabisa, na kwenye skrini anaona gari yenye riboni, Divine anatabasamu dirishani, mikono yake mwenyewe kwenye usukani. Kwake ilikuwa kimya na nzuri, na mimi safari hii sikuziba masikio. Nimeapa mbele ya Mungu na Mama Kelly: yule aliye na masikio ayaache wazi, ahesabu mistari yote miwili, na akiona kuna kosa aseme, hata kama dereva anafurahi. Sasa naomba mniachie niende, Deo yuko nje, mshale uko mia nane, ananingoja anipeleke masomo.